Kandokando ya Falaji: Matembezi Mepesi, Funzo Zito

Watu wa pwani hawahitaji kufunzwa Oman ni wapi. Ni nadra kuupata mtaa wa Mombasa, Malindi au Lamu usiokuwa na nyumba yenye jamaa Maskati, au iliyowahi kupokea tende na halua kutoka huko. Hata hivyo, tukiitaja nchi hiyo mazungumzo yetu huwa ni ya bandari, ngome, majahazi na kazi. Wanaokwenda kuzuru jamaa hurudi na habari za maduka na barabara pana. Wachache mno hurudi na habari za kitu ambacho, kwa maoni yetu, ndicho kilichoiwezesha nchi ile kavu kukaliwa na watu. Kitu hicho ni mfereji mwembamba wa maji, ambao hata mtoto aweza kuuruka, nao huitwa falaji.

Leo twapenda kuwachukua wasomaji wetu kandokando ya falaji moja tu, ile ya al-Khatmeen, iliyoko pembezoni mwa mji mdogo wa Birkat al-Mouz, chini ya Jabal Akhdar, si mbali na Nizwa. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Maskati. Hapo mama aliyebeba mtoto, mzee mwenye bakora na watoto wa chuoni waweza kutembea pamoja na asiwepo atakayechoka. Lakini hatukushika kalamu ili kuyasifu matembezi peke yake. Liko swali ambalo mfereji ule huwauliza wote wapitao kando yake, na sisi wa pwani ya Kenya latuhusu zaidi kuliko wengi: maji ya watu wote hulindwa na nani?

Jina la mji lenyewe latosha kumchekesha Mswahili. Mouz ni ndizi. Na birkat ni hilo hilo birika letu, lile la msikitini ambalo watu hutia kata wakatawadha. Basi Birkat al-Mouz ni Birika la Ndizi, na migomba ingali ipo hadi leo, imesimama chini ya mitende.

MATEMBEZI YENYEWE

Aghalabu watu huanzia penye Bait al-Rudaydah, ngome ya kale iliyokarabatiwa vizuri, mahali ambapo bonde la Wadi al-Muaydin hutoka milimani. Hapo maji huonekana yakipita katika mfereji wa wazi, uliojengwa kwa mawe na kupakwa lipu, yakaenda taratibu bila kelele. Huna haja ya kuuliza njia. Yafuate maji, nayo yatakufikisha.

Baada ya hatua chache jua hubaki nyuma. Mfereji huingia katika shamba la mitende, na hewa hubadilika mara moja. Juu kuna makuti ya mitende, chini yake migomba na milimau, na chini kabisa majani ya kulishia mbuzi na ng'ombe. Ni ghorofa tatu za mimea zinazokunywa maji ya mfereji mmoja, na ile ya juu huwafanyia kivuli zilizo chini. Mkulima wa Kilifi aliyepanda michungwa na migomba chini ya minazi ataitambua hekima hiyo bila kuambiwa.

Njia ni nyembamba lakini ni sawa. Hakuna kupanda wala kushuka kwa kutaabisha, kwa sababu mfereji wenyewe hauwezi kupanda, na aliyeuchimba aliupa mteremko mdogo kiasi ambacho jicho haliuoni. Mtu asiyekuwa na haraka aweza kuyazunguka mashamba kwa kiasi cha saa moja, akapumzika kila apendapo. Watoto hutia miguu majini na kuwatazama samaki wadogo, ambao huishi katika falaji nyingi za Oman. Juu mlimani huonekana mtaa wa zamani wa nyumba za udongo, kuta zimesimama na mapaa yameanguka, kwani wenyewe wamehamia nyumba za kisasa. Nyumba zimehamwa, ila maji hayakuhamwa. Hilo mtembezi na alitie akilini, maana tutalirudia.

Mahali pa kutazamwa zaidi ni pale maji yanapogawanywa. Mfereji mmoja huwa mitatu, na kila mmoja huchukua sehemu iliyo sawa na mwenziwe. Hapana kifuli wala askari. Ni mawe yaliyopangwa na fundi aliyejua kazi yake.

Anayetaka kwenda na familia na achague miezi ya Novemba hadi Machi. Wakati wa kiangazi joto la huko hupita digrii 40, na hata kivuli cha mtende hakitoshi. Mvua ikinyesha milimani, mtu asithubutu kusimama ndani ya bonde, kwani maji ya wadi huja kwa ghafula na hayamsubiri mtu. Na yako ya adabu: mashamba yana wenyewe, basi tende haichumwi bila idhini, nguo ziwe za heshima, wala mtu asioshe miguu mahali ambapo watu huteka maji ya kunywa.

MAMA WA FALAJI

Mtu aweza kuuliza: maji haya yatoka wapi, na mto haupo? Hapo ndipo ustadi wa wazee ulipo. Falaji za Oman ni za namna tatu. Iko ile ipatayo maji ya chemchemi, nayo huitwa Aini. Iko ile ichukuayo maji ya juu ya bonde, nayo huitwa Ghaili. Na iko Daudi, ambayo ndiyo ya taabu zaidi: watu huchimba kisima kirefu chini ya mlima, kiitwacho mama wa falaji, mpaka wakayafikia maji. Kisha huchimba njia chini ya ardhi, kilomita baada ya kilomita, yenye mteremko mdogo, mpaka maji yakatokeza yenyewe juu ya ardhi karibu na mji. Njiani huacha matundu ya kutolea mchanga na kuingizia hewa. Hapana kamba, hapana ndoo, hapana mashine. Maji huenda kwa uzito wake mwenyewe usiku na mchana. Falaji ya al-Khatmeen ni ya namna hii.

Jina hilo la Daudi lina kisa chake. Wenyeji husimulia kwamba Nabii Suleiman bin Daudi alifika Oman, akaona ukavu wake, akawaamuru majini wachimbe falaji elfu moja kila siku kwa muda wa siku kumi. Hicho ni kisa, nacho ni kitamu. Wachunguzi wa mambo ya kale nao wasema kuwa dalili za umwagiliaji wa maji katika nchi ile zafika nyuma hadi kiasi cha mwaka 2500 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Mwaka 2006 shirika la UNESCO lilizitia falaji tano katika orodha ya urithi wa ulimwengu: Daris ya Nizwa, al-Malki ya Izki, al-Muyassar ya Rustaq, al-Jeela ya upande wa Sur, na hii yetu ya al-Khatmeen. Huko Daris iko bustani nje ya mji ambamo jamaa hukaa kando ya maji na birauli zao za kahawa, na asiyeweza kwenda mbali aweza kutosheka na hiyo.

HESABU YA MAJI

Lakini mawe na mashimo si siri ya falaji. Siri yake ni hesabu. Neno lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, lina maana ya kugawa. Wenyewe hawakuuita mfereji kwa jina la maji wala la aliyeuchimba. Waliuita kwa jina la mgao.

Maji yakifika mjini, mahali pa kwanza ni pa kunywa, na hapo kila mtu ana haki, mwenyeji na mgeni, tajiri na maskini. Baadaye hupita msikitini kwa ajili ya udhu, kisha penye mabafu ya wanaume na ya wanawake, na mahali pa kufulia na pa kuoshea maiti. Baada ya hayo yote ndipo yaingie mashambani. Na huko mitende hutangulia, ambayo ni mali ya kudumu, kisha mboga na nafaka za msimu. Dini yetu imetufunza kuwa watu ni washirika katika maji. Mfereji ule umelichukua funzo hilo ukalijenga kwa mawe.

Maji ya mashamba hugawanywa kwa muda. Kipimo kinachojulikana ni athar, ambayo ni kiasi cha nusu saa. Mwenye athar mbili huyafungulia maji shambani mwake kwa muda wa saa moja, kisha huyafunga akamwachia mwenziwe. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimamishwa, na usiku walipima kwa nyota, kama nahodha wa jahazi alivyojua njia ya Hindi au ya Ghuba kwa kutazama juu. Siku hizi wengi hutumia saa za mkononi, lakini zamu ni zile zile.

Yuko msimamizi, aitwaye wakili, na yuko mjuzi wa zamu za maji, aitwaye arif. Baadhi ya zamu hunadiwa mbele ya watu, na fedha zake hutumika kuusafishia mfereji na kuutengeneza. Tena ziko zamu za wakfu: watu waliokufa zamani waliacha sehemu ya maji kwa ajili ya msikiti, au chuo, au maskini. Mwenye kuacha wakfu hayupo na jina lake pengine limesahauliwa, lakini nusu saa yake ya maji yaja zamu kwa zamu, kama alivyoagiza.

Wala wasomaji wasidhani kuwa akili hiyo ni ya Waarabu peke yao. Hapa hapa Kenya, Wamarakwet wameyateremsha maji kutoka milima ya Cherangani hadi bonde la Kerio kwa mifereji iliyotengenezwa kwa mikono tangu karne zilizopita, na ugawaji wake hufuata koo na zamu. Palipo na maji machache na watu wengi, hapana budi watu wahesabiane. Wasipohesabiana, watapigana.

IMAMU WA NGOME NA MITENDE

Kwa mtu wa Mombasa liko jambo jingine la kumsimamisha njiani. Mashamba na mifereji mingi ya sehemu zile ilistawi katika zama za Maimamu wa Yaarubi, katika karne ya 17 na mwanzo wa ile ya 18. Mmoja wao ni Imamu Seif bin Sultan, aliyepewa lakabu ya Qaid al-Ardh, yaani pingu ya ardhi. Huyu ndiye ambaye majeshi yake yaliizingira Fort Jesus tangu mwaka 1696, yakaitwaa kutoka kwa Wareno mwezi wa Desemba mwaka 1698. Sisi twamjua kwa ngome. Wenyewe kwao humkumbuka kadhalika kwa maji na miti: wanahistoria wa Oman wameandika kuwa alizichimba au kuzifufua falaji 17, na kwamba alipanda mitende kwa maelfu, na minazi pia, katika pwani ya Batinah.

Ni haki tuseme na upande wa pili. Mashamba yale hayakustawi kwa jasho la wenyewe peke yao. Watumwa waliyafanyia kazi, na hasa katika karne ya 19, tende zilipokuwa zikiuzwa ng'ambo hadi Marekani, wengi wao walikuwa watu waliochukuliwa kutoka pwani yetu na bara yake. Watu wenye asili hiyo wangaliko Oman hadi leo, ni raia na Waislamu kama wenzao. Anayekwenda na watoto chini ya mitende na awaeleze habari hizo zote mbili, ya Imamu aliyepanda na ya mtu aliyenyweshea bila ya kuulizwa radhi. Historia ya nusu ni kama maji ya nusu zamu: hayafiki mwisho wa shamba.

HATARI

Nasi tusidhani kuwa falaji zi salama. Hesabu iliyofanywa na serikali ya Oman katika miaka ya 1997 na 1998 ilikuta falaji zaidi ya 4,000, na katika hizo kiasi cha 3,000 tu ndizo zilizokuwa na maji. Mojawapo ya sababu ni pampu. Mtu mmoja akichimba kisima kirefu akatia mashine, hupata maji ya kutosha siku ile ile, na huona ametatua shida yake. Lakini maji yaliyo chini ya ardhi hushuka. Falaji haiwezi kuyafuata, kwa kuwa njia yake ilichimbwa kwa kiwango kimoja. Maji yakishuka chini ya kiwango hicho, mfereji wa watu mia moja hukauka kwa ajili ya kisima cha mtu mmoja. Serikali imetia sheria za kuzuia visima vipya karibu na chanzo cha falaji. Sheria hizo ni njema, ila kuna hatari nyingine ambayo sheria haiwezi kuizuia. Vijana wameacha kilimo, wamekwenda mijini na maofisini, na wazee wajuao zamu za maji wapungua.

Ndiyo sababu twasema matembezi haya si mchezo mtupu. Mtoto aliyetia mguu katika maji yale, akaonyeshwa penye mgao, akaambiwa maji haya ya nani na kwa saa ngapi, amekwisha kuingia katika hesabu. Nyumba za udongo zile za juu ziliachwa kwa sababu kila mtu angeweza kujenga nyingine. Mfereji haukuachwa kwa kuwa hapana aliyeweza kujenga wake peke yake.

NA SISI JE?

Sasa turudi kwetu. Pwani yetu haikuwa na falaji, kwa kuwa Mwenyezi Mungu alitupa mvua na visima. Lakini wazee wetu walikuwa na hesabu yao. Nenda Gedi, karibu na Watamu, mji uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa ulimwengu mwaka 2024. Utaona penye msikiti mkuu kisima, na mfereji mdogo wa kupelekea maji, na birika la kutawadhia, na mawe ya matumbawe ya kusugulia miguu. Hiyo ni kazi ya Waswahili wa karne nyingi zilizopita. Utaona pia kisima kilichozidishwa kina, na kuna wataalamu wanaosema kuwa kushuka kwa maji ni miongoni mwa sababu zilizowahamisha watu wa Gedi. Vijia vyake ni tambarare na vina vivuli. Hayo nayo ni matembezi ya familia, na hayahitaji pasipoti.

Lakini katika mitaa yetu wenyewe hali ni nyingine. Visima vilivyochimbwa kwa ajili ya thawabu vimefunikwa, vingine vimekuwa majalala, na vingine viko ndani ya nyua za watu hata haijulikani tena vilikuwa vya nani. Bomba lilipokuja tulidhani kisima kimekwisha kazi. Bomba likikauka twakikumbuka, twakwenda, twakuta mbomoko na mifuko ya plastiki. Kisha huja mtu wa mkokoteni na madumu, akatuuzia maji ambayo babu zetu waliyatoa sadaka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi twataka maji ya wakfu, na kuinama hatutaki.

Hatusemi kuwa kila kisima cha zamani kinafaa kunywewa. Mitaa imejaa watu na vyoo, na maji hayana budi kupimwa na mabwana afya kabla ya kutumiwa. Twasema kwamba kitu cha wakfu hakiwi cha mtu kwa sababu hakitazamwi. Sheria ya nchi yautambua wakfu, na dini yautambua zaidi.

Basi rai yetu ni hii. Kamati za misikiti na ziandike daftari la visima na mabirika yaliyo chini ya uangalizi wao, mahali vilipo na aliyeviacha kama anajulikana, na daftari hilo lisomwe mbele ya watu kila mwaka. Walimu wa madrasa na wa shule na wawatoe watoto siku moja ya likizo, wakavitembelee visima hivyo kwa miguu, mmoja baada ya mmoja, wazee wakiwaeleza. Na wale wetu wanaobahatika kufika Oman, wakimaliza kuzuru jamaa na kununua walivyoagizwa, na watenge asubuhi moja kwa ajili ya Birkat al-Mouz. Waende na watoto. Wayafuate maji mpaka penye mgao. Wamwulize mwenye shamba zamu yake ni lini, na zamu ya msikiti ni lini, nao watamkuta anajua.

Kisha wakirudi Kisauni au Majengo, Shela au Lamu mjini, nao na waulizwe swali hilo hilo: kisima cha mtaani kwenu ni cha nani, na nani anayekisafisha? Mfereji haufi kwa kukosa maji peke yake. Hufa pia kwa kukosa wenyewe.